Sekunde 24 za basela

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Klabu ya filamu nilikabidhiwa kwa sababu mbili ambazo hazina uhusiano wowote na filamu: Jumatano mchana sikuwa na vipindi, tena nilikuwa na kompyuta yangu. Shule yetu iko Katuba, hapa Lubumbashi. Mtu mmoja aliyekuwa anahama mji alikuwa ametuachia kamera ndogo ya kushika mkononi na stendi yake ya miguu mitatu, mguu mmoja ukiwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, aliviweka mezani akanitazama. "Mwalimu, hawa wa saba na wa nane wanazurura mchana kutwa. Wafanyie kitu."

Wa saba na wa nane ni watoto wa miaka 12 hadi 14 hivi. Wametoka shule ya msingi juzi tu, na mchepuo wa sekondari bado hawajauchagua. Sauti za wavulana zinapasuka katikati ya sentensi, wasichana wameanza kuambiwa nyumbani kwamba utoto umekwisha, na wote wanaona haya kwa kila kitu isipokuwa kelele.

Siku ya kwanza walikuja 22. Niliwauliza wanataka kutengeneza filamu gani, wakagawanyika makundi matatu, na makundi yote matatu yakarudi na hadithi ileile: tajiri mwenye sanduku la dola, shangazi mchawi, bunduki, na mchungaji wa kumaliza kesi. Katika ile ya kwanza walikufa watu saba ndani ya dakika nne, na mmoja akafufuka kwa kuwa mwigizaji wake alichoka kulala vumbini. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaenda nyumbani nikawaandikia hadithi mwenyewe. Ilihusu kunawa mikono kabla ya kula. Ilikuwa kwa Kifaransa safi, kila kitenzi mahali pake. Watoto waliikariri kama wanavyokariri mashairi ya mtihani, mikono imebana mapajani, macho darini.

Wiki ya tatu walibaki tisa. Nikajisemea watoto wa siku hizi hawana uvumilivu. Mwenzangu wa hisabati, aliyekuwa akitutazama dirishani huku anasahihisha madaftari, aliniambia nilichokuwa sitaki kusikia: "Umewapa dikte, ukaiita filamu." (Dikte ni imla.)

Hao tisa nao wangekwenda kama si mvulana mmoja aliyekuwa anaigiza mzazi mkali. Alirudia mstari wake mara sita, na kila mara ulitoka kama tangazo la redio. Mara ya saba akashusha mikono. "Mwalimu, mama yangu hakasirikaka mu Kifaransa." (Hiyo -ka ya mwisho ni yetu wa huku, inafanya kazi ya "hu" ya wenzetu wa pwani.) Nikamwambia basi akasirike anavyokasirika mama yake. Alivuta pumzi, akaweka mkono kiunoni, na kilichomtoka hakiandikiki hapa, lakini wote tisa waliruka kwenye viti kana kwamba mama mwenyewe ameingia. Ndipo nilipoona uigizaji kwa mara ya kwanza katika chumba kile.

Kwa hiyo tukahamia Kiswahili cha Lubumbashi. Prefe hakupenda. Mkaguzi akija, alisema, atakuta klabu ya mwalimu wa Kifaransa inaongea Kiswahili cha sokoni. Lakini mambo hayo mjini hapa si mageni. Wazazi wa watoto hawa walikua wakisikiliza na kutazama michezo ya kundi la Mufwankolo, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili hikihiki. Tukakubaliana tuweke maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Nilidhani nimekubali kushindwa nusu, kumbe nimepata kipindi kizuri cha Kifaransa kuliko vyote nilivyowahi kufundisha. Maandishi ya filamu hayasubiri mtu: mistari miwili, herufi 40 hivi kila mstari, kisha yanaondoka. Mtoto aliyezoea kuandika sentensi ndefu ili apate alama sasa ilimbidi aamue neno lipi libaki na lipi lianguke. Waligombana juu ya viunganishi. Mimi nilikaa pembeni nikifurahi kimyakimya.

Vifaa vilikuwa haba: kamera moja, simu nne za kuazima kutoka kwa kaka na dada, na hiyo stendi yenye bandeji. Kuhusu vifaa sitasema mengi maana kila anayeanza klabu huulizia hivyo kwanza, na kusema kweli havikutusumbua. Futa lenzi kwa shati safi, jasho la kidole hufanya kila taa iwe na ukungu. Laza simu, usiisimamishe. Weka hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga simu katikati ya kilio. Mwanga wa dirisha uwe mbele ya mtu, usiwe mgongoni kwake. Hayo watoto waliyashika kwa siku moja.

Lililokuwa gumu ni nani ashike kamera. Wavulana wawili wakubwa waliishika kama bunduki na hawakutaka kuiachia, na wasichana wakajikuta wanapangwa kuwa wake, mama na marehemu. Nikaleta kofia na karatasi zilizokunjwa: kamera, sauti, kuongoza, kuigiza, kuandika namba za picha kwenye daftari. Kila Jumatano unachovya mkono upya. Walilalamika mwezi mzima. Wasichana walikuwa na tatizo jingine ambalo kofia haikuweza kulitatua: ikifika saa kumi wanatakiwa nyumbani kuchota maji na kuwasha mbabula (jiko la makaa). Tukahamisha kazi ya nje hadi Jumamosi asubuhi, na mama mmoja akakubali binti yake abaki ikiwa tu atarudi na bidoni (dumu la maji) limejaa. Kwenye picha kadhaa za filamu zetu kuna bidoni la njano nyuma. Watazamaji walidhani ni ishara ya kitu fulani.

Katikati ya Novemba mhusika wetu mkuu alitoweka. Minervali (karo) ya nyumbani kwao haikuwa imelipwa, akarudishwa pamoja na wengine hadi wazazi wapate pesa. Tayari tulikuwa tumepiga nusu ya hadithi naye. Watoto walikaa wakaibadilisha: yule ndugu amekwenda Kolwezi, mji wa migodi, kutafuta kazi, na wanaobaki wanamngoja. Kila mtu alijua inazungumzia nini. Mwenyewe aliporudi baada ya wiki tatu alikasirika kwamba tumemfanya mchimbaji, kisha akaomba tumpigie picha ya kurudi.

Somo moja la ufundi nililieleza vibaya mara tatu kabla ya kulipata. Watoto walikuwa wanapiga watu wawili wakizungumza, lakini picha zikiunganishwa, wote wawili wanaonekana kutazama upande mmoja kana kwamba wanaongea na mtu wa tatu aliye nje. Nilichora michoro ubaoni, mishale kila mahali, wakapiga miayo. Ndipo nikakumbuka kwamba nusu ya darasa ni mashabiki wa Mazembe na nusu ni wa Lupopo. Nikauliza: mkitazama mechi kwenye televisheni, mnajuaje Mazembe wanashambulia goli lipi? Wakaniona mjinga. Wanakwenda kulia, Mwalimu. Na kamera kubwa ziko upande gani wa uwanja? Kimya. Zinakaa upande mmoja, kwenye jukwaa moja. Ikiruka ya pili ikapiga kutoka ng'ambo, Mazembe wataonekana wanashambulia goli lao wenyewe. Msichana mmoja wa Lupopo akasema hilo angelipenda sana. Tukachora mstari wa chaki sakafuni kati ya waigizaji wawili, na tangu hapo anayeuvuka na kamera huzomewa, "Umefunga kwenu!"

Sauti ndiyo iliyotutesa. Katuba haina ukimya. Kuna mashine ya kusaga mahindi, kuna jenereta za nganda (baa), kuna kwaya za makanisa matatu zinazofanya mazoezi kwa saa zisizopatana. Kuanzia Novemba mvua ikipiga mabati ya darasa hata kupiga kelele husikiki. Tulikuwa na mvulana mfupi, mpole, ambaye kofia ilimpa sauti wiki mbili mfululizo. Wiki ya tatu akaiomba mwenyewe. Wenzake wakamwita Masikio. Alikuwa anafumba macho, ananyoosha kidole kuelekea kila kelele na kuitaja: mashine, pikipiki, kwaya, mtoto wa jirani, kwaya nyingine. Kisha anasema, "Tungoje hii ya pili imalize, imebaki beti moja." Na kweli inamaliza. Yeye ndiye aliyegundua kwamba simu ya pili ikikaa mfukoni mwa shati la mwigizaji, ikirekodi sauti tu, maneno yanatoka safi. Mwanzo wa kila picha mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye kwenye kompyuta unalitafuta lile kofi katika sauti zote mbili, unalinganisha, basi. Watu wa sinema wana kibao cha kazi hiyo, lakini viganja ni bure.

Sasa nirudi kwenye dakika moja, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Baada ya Noeli niliona watoto wamechoka na hadithi ndefu zisizokwisha. Nikawaeleza juu ya ndugu wawili wa Lyon, Auguste na Louis Lumière, ambao mwaka 1895 walianza kuonyesha picha zao kwa watu. Utepe wao ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi, ukizunguka wote zinakuwa sekunde 50 na utepe umekwisha. Kwa hiyo walichagua mahali, wakasimamisha kamera, wakaacha mambo yapite mbele yake: wafanyakazi wanatoka kiwandani, treni inaingia. Nikawapa watoto sekunde 10 za nyongeza na sheria. Simu haitembei. Hakuna muziki, hakuna kuigiza, hakuna kuongea na kamera. Dakika moja, kitu kinachotokea kwenu kila siku. Sheria hiyo niliiona nzuri sana, nikaiandika ubaoni na kuipigia mstari.

Zilikuja dakika 13 (tulikuwa tumerudi kuwa 13). Nyingi zilikuwa za kuku. Moja ilikuwa ya fundi baiskeli akitafuta tundu la mpira kwenye beseni la maji, na ule mstari mwembamba wa mapovu ulipotokea darasa zima lilisema "iko hapo!" kwa sauti moja. Na moja ilikuwa ya makala, kama tunavyoyaita huku makaa ya kupikia.

Aliyeileta ni msichana aliyekaa nyuma, aliyechelewa mara nyingi kwa kuwa alimsaidia mama yake kuuza makala mbele ya nyumba. Alikuwa amemwomba ruhusa, na mama akajibu: "Piga mikono. Uso wangu uache." Ilikuwa msimu wa mvua, barabara za kuingia porini zimekuwa matope, kuni zimelowa, baiskeli za makala kutoka njia ya Likasi na njia ya Kipushi zinafika chache, na gunia limepanda bei. Mteja haongezewi pesa na mtu, kwa hiyo linalopungua ni lile fungu.

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye ndoo. Tunaona mbao za meza, tunaona mikono miwili, weusi wa makala umefika kwenye kiwiko na kucha zimebaki nyeupe. Mikono inapanga mafungu. Vipande vikubwa chini, vidogo juu, kama mtu anayejenga nyumba. Fungu la tatu linakamilika, mkono unasita. Unachukua kipande kimoja kutoka fungu la pili, unakipima kiganjani, unakiweka kwenye la tatu. Unangoja. Unakirudisha. Kisha unakichukua tena na kukiweka pembeni, nje ya mafungu yote. Inaingia sasheti (mfuko) ya mteja, fungu la tatu linamiminwa ndani, mavumbi yanapaa kidogo, na dakika imekwisha.

Hakuna aliyecheka. Yule mvulana mkubwa wa bunduki alisema taratibu, "Kwetu tunakulaka hivyo hivyo," na sikumuuliza anamaanisha nini. Masikio yeye alitaka kujua kama kule kugongana kwa makala, kama vigae, kulirekodiwa karibu au mbali.

Ile rekodi kwa kweli ilikuwa na dakika 1 na sekunde 24. Niliikata mimi. Nilikata vipande vya watoto wote vilivyozidi, kwa haraka, usiku, kuranti (umeme) iliporudi saa tano na kukiwa na betri ya kompyuta ya kujaza. Sheria ni sheria.

Niseme kidogo juu ya usiku huo, kwa kuwa ndivyo kazi yote ya kuunganisha picha ilivyofanyika mwaka ule. Betri yangu ilishika saa moja na nusu, na mchana kuranti ilikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo watoto walijifunza kuunganisha bila kompyuta. Kila picha iliandikwa kwenye kadi ya karatasi: namba yake, nani anaonekana, inaanza na nini, inaisha na nini. Kadi zilitandazwa sakafuni, wakazipanga, wakazivuruga, wakapiga magoti juu yake wakibishana. Walipokubaliana, mimi nilikwenda nyumbani na mpangilio, nikautekeleza usiku kwenye Kdenlive, programu ya bure ya kuunganisha picha. Wale wenye simu nzuri walitumia CapCut na walinizidi kwa kasi, ingawa kila kitu chao kilizunguka na kumetameta. Ubaya wa mpango wangu sikuuona: watoto walipanga kadi, lakini mkasi ulikuwa nyumbani kwangu.

Machi tulipoteza siku mbili za kazi kwa kidole kimoja. Mtoto wa darasa la saba aliyepewa kamera aliona ujumbe kwamba kadi imejaa, kamera ikamuuliza kama anataka kuifomati, naye kwa adabu akajibu ndiyo. Alipoelewa alichofanya alikwenda kukaa chooni, akagoma kutoka. Nilikuwa na hasira, sitajisifu. Lakini nilipofika pale nikakumbuka kwamba ile kadi ilijaa kwa sababu mimi sikuwa nimehamisha picha wiki mbili zilizopita kama nilivyoahidi. Nikamwambia hivyo kupitia mlangoni. Akakaa kimya muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo tunafutwa wote wawili?" Tangu siku hiyo tulikuwa na sheria ya nakala mbili: moja kwenye kompyuta yangu, nyingine kwenye diski iliyofungiwa kabati la Prefe, na hakuna kufuta kadi kabla watu wawili hawajatia sahihi daftarini. Nakala ya kitu kizima, kama kilivyopigwa. Yule mtoto ndiye aliyepewa daftari, na alikuwa mkali kuliko mwanasheria.

Aprili tulikwenda soko la Kenya. (Wasomaji wa mbali msishangae, Kenya ni moja ya komini (wilaya) za mji wetu na soko lake ni kubwa.) Tulitaka picha za kelele na rangi. Hatukuwa na karatasi yoyote. Kina mama wa mboga wakafunika nyuso kwa vitenge, mmoja akatuuliza kwa sauti, "Munaenda kutuuza kwa bazungu?" Mbele kidogo mtu mmoja akajitambulisha kuwa ni wa usalama, akataka kibali, akaichukua kamera. Tuliipata saa kumi na mbili jioni, baada ya Prefe kuja mwenyewe na barua, na baada ya mambo mengine nisiyoyaeleza. Watoto walirudi kwa miguu bila kusema neno.

Tulipokutana tena tukaandika kanuni, nao ndio walioziandika, mimi nilishika chaki tu. Barua yenye muhuri wa shule isafiri pamoja na kamera. Kambi za askari, daraja, uwanja wa ndege na lango la mgodi hazipigwi hata kwa utani. Mtu aombwe kabla, si baada. Na akishapigwa, aonyeshwe alichopigwa, akisema futa, inafutwa. Hii ya mwisho ilipendekezwa na msichana wa makala. Tuliporudi sokoni mwezi uliofuata mama mmoja wa samaki alitazama picha yake, akaitafakari, akasema yuko sawa lakini samaki wake wanaonekana wadogo, turudie. Tukarudia.

Kanuni hiyo nilikuwa wa kwanza kuivunja, na wala sikujua.

Onyesho la mwisho wa mwaka lilikuwa Juni, mitihani ikiwa imekwisha, baridi ya kiangazi imeingia na watu wamekuja na mablanketi. Tulitundika mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja kwenye ukuta wa uwanja. Projekta tuliazima kanisani, jenereta ililipiwa na kamati ya wazazi, tukaiweka nyuma ya vyoo ili Masikio asilie. Walikuja wengi kuliko viti. Filamu ya ndugu wa Kolwezi ilipigiwa makofi, na mama wa yule mvulana aliyeigiza mzazi mkali alijitambua kwenye mstari wa pili akajifunika kitenge kwa kicheko. Kisha zikaja dakika moja moja.

Ya makala ilipoanza, jirani walitambua ile meza kabla ya mikono. "Eh, kwa Mama Makala!" Mkono ukachukua kipande. Ukakirudisha. Ukakichukua tena, ukakiweka pembeni. Sasheti ikaingia, fungu likamiminwa, na picha ikazimika hapo, kipande kikiwa kimebaki mezani. Gizani sauti ya mwanamume ikasema, "Ah, Mama! Njo vile unatuibiaka!" Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Lakini mama alikuwa amesimama.

"Mumekata mbele ya basela," alisema. Hakupaza sauti. Basela, kwa asiyejua, ni kile kinachoongezwa na muuzaji bure baada ya kupima, ili mteja arudi; na "mbele ya" kwetu ni "kabla ya". "Mwalimu, mumekata mbele ya basela." Filamu iliyofuata, ya kuku, ilikuwa imeshaanza.

Binti yake hakuja Jumatano iliyofuata. Nilisikia kwa wenzake kwamba wateja wanamtania mama kila asubuhi, eti tia basela leo kamera haiko, na kwamba wawili watatu wamehamia kwa muuzaji wa kona ya pili, huenda kwa utani huo, huenda kwa bei. Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta mama akichambua gunia. Nilimwamkia, nikasema nimekuja kuomba radhi. Akanikaribisha kiti, akaendelea kuchambua.

"Mtoto aliniomba ruhusa," akasema. "Wewe hukuniomba."

Nilisema ni kweli.

"Nilimwambia mikono tu. Nikajua mikono haiwezi kuniletea matatizo."

Binti alikuwa mlangoni na bidoni. Yeye hakuwa na hasira na yale maneno ya gizani, alikuwa na hasira na dakika yangu. Alisema alijua nimekata, aliona siku ileile, lakini mstari ulikuwa umepigwa ubaoni. "Ungeniuliza pa kukatia, Mwalimu, ningekuambia."

Kwa sheria ya nakala mbili kitu kizima kilikuwepo kwenye kabati la Prefe. Jumamosi tulirudi na kompyuta, bila projekta, bila mashuka. Saa kumi na mbili, wakati watu wanapopita kununua makala ya chakula cha usiku, tuliiweka juu ya gunia lililojaa, kioo kikitazama barabara. Binti alibonyeza mwenyewe. Wakasimama wapita njia kama kumi, watoto wengine juu ya mabega. Mafungu yakapangwa. Kipande kikaenda, kikarudi, kikawekwa pembeni. Sasheti ikaingia, fungu likamiminwa, na hapo mtu mmoja akaanza kucheka kama anavyojua utani unavyoishia.

"Subiri," mama akasema, mikono yake ikiwa kwenye gunia.

Sasheti inatikiswa ili makala yakae. Mteja, ambaye hatumwoni, anasema kitu juu ya mvua. Mikono ya mama imetoka kwenye picha na meza imebaki peke yake, na kile kipande. Kisha mkono mmoja unarudi, unakiokota, unaongeza na kingine kikubwa zaidi kutoka mahali tusipopaona, na kuvidondosha vyote viwili ndani ya sasheti, tak, tak.

Mzee mmoja mwenye baiskeli akasogea karibu. "Rudisha nyuma," akamwambia binti, "nilikuwa sijaangalia vizuri."

Akarudisha.